Nnalongo na Mashine za Jina Moja

Ijumaa iliyopita nilirudisha kadi ya mlango na bisibisi mbili za ofisi. Bisibisi ya tatu ni yangu, nilikuja nayo kutoka Bungoma, kwa hiyo msiitafute. Brenda na wenzake wa zamu wameniomba niandike kidogo kuhusu miaka niliyokaa kati ya mashine, ili wanaokuja wasianze kwa kupapasa. Nilisoma hadi kidato cha pili tu, msitarajie maneno makubwa. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikuwa vingi, na sioni vinamfundisha nini mtu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoitumia ndani ya chumba kile, mimi Mkenya ambaye hadi leo Kiganda changu ni cha sokoni, na yeye Mganda aliyekipata Kiswahili chake kambini, kwa baba yake askari polisi.

Yeye ni Nnalongo. Baadhi yenu mlimkuta akiwa tayari mgonjwa, wengine hamkumkuta kabisa. Alifariki mwaka jana. Kwa Waganda, mwanamke akizaa pacha watu huacha kumwita jina lake, wanamwita Nnalongo, na mumewe anakuwa Ssalongo. Mimi sikuwahi kumwita vingine. Karibu kila ninachojua kuhusu kazi hii nilikipata kwake, na kama angekuwepo ni yeye angeandika, kwa maneno machache zaidi.

Niliajiriwa kutunza jenereta na betri. Kampuni yetu, mnavyojua, inatunza kompyuta za watu wengine: shule, maduka ya jumla, hospitali moja ndogo ya misheni, na wengineo wasiotaka kelele na joto la mashine ofisini kwao. Jengo ni lile lile la barabara ya kwenda Kyambogo, ila wakati huo ngazi zilikuwa hazina reli. Siku ya kwanza nilipanda nikiwa na shati la mikono mifupi. Nilifungua mlango wa chumba cha seva, baridi ikanishika kifuani.

Mwanamke mfupi aliyevaa koti zito aliinua kichwa kutoka kwenye skrini.

"Wewe ndiyo fundi ya betli?"

"Ndiyo, madam."

"Madam iko shule. Mimi Nnalongo. Jina yako?"

"Barasa."

"Balasa. Sawa. Balasa, umevaa kidogo. Nje ni Kampala, humu ndani ni Kabale, kule milima ya balidi." Akanionyesha koti lililotundikwa nyuma ya mlango. "Vaa hiyo. Ya mtu aliacha kazi. Alishindwa na balidi."

Nililivaa koti lile hadi likachakaa mikononi. Wanaosema kazi ya kompyuta ni ya kukaa kwenye kiti hawajawahi kunyanyua seva kuipachika kwenye kabati.

Betri na jenereta hazikunimalizia muda, umeme ukiwa mzuri. Kwa hiyo Nnalongo alianza kunituma. Nenda kabati la tatu, fungua mfuniko, niambie kuna prosesa ngapi. Nilikwenda, nikafungua, nikapuliza vumbi, nikamwambia. Baada ya wiki kadhaa nilimuuliza kwa nini anataka kujua, maana mashine zilikuwa zinafanya kazi.

Akanieleza kwamba seva zetu zinaendeshwa kwa Linux, ile ya makampuni, na kwamba tunailipia usajili kila mwaka. Mashine ya chuma, ile unayoweza kuigusa, huhesabiwa kwa prosesa zake, jozi kwa jozi. Nikamwambia nilisikia vijana wakisema Linux ni ya bure.

"Maji ya mvua ni bule," alisema. "Nani atatengeneza gata yako ikitoboka?"

Ndivyo nilivyoelewa, na sijapata maelezo bora tangu hapo. Hulipii programu. Unalipia matengenezo: kila tundu linapogunduliwa, wale waliotuuzia usajili wanatoa kiraka, na mashine iliyosajiliwa inakipata. Isiyosajiliwa inabaki na tundu lake, na haipigi kelele. Inaendelea kufanya kazi vizuri tu, hadi siku mtu mbaya atakapolipata hilo tundu.

Sehemu ya pili ilinichukua muda mrefu zaidi. Ndani ya mashine moja ya chuma kuna mashine nyingine nyingi ambazo hazina mwili. Wenye shule wanaziita mashine pepe. Mimi nilikuwa nimeishi kwa mama mkwe wangu, nikadhani najua maana ya watu wengi katika nyumba moja, lakini hili lilinishinda. Nnalongo aliniuliza nakaa wapi. Nikamwambia Kisugu, kwenye mizigo, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangana mstari mmoja.

"Landlord yako akilipa maji ya nyumba yote, wewe utaulizwa bili?"

"Hapana."

"Ukihamia nyumba ingine, maji inakufuata?"

"Hapana. Naondoka na ndoo yangu."

"Basi umemaliza shule," alisema, akarudi kwenye skrini.

Nyumba ni mashine ya chuma. Wapangaji ni zile mashine zisizo na mwili. Nyumba ikiwa na usajili mkubwa, wapangaji wake wote wanapata matengenezo. Shida ni kwamba wapangaji hawa huhama. Nyumba moja ikielemewa, mfumo unamchukua mpangaji akiwa kazini na kumpeleka nyumba nyingine bila hata kumwamsha. Mtu analala Kisugu anaamka Lubaga na hajui. Kama ile nyumba ya Lubaga haina usajili, tangu dakika hiyo hana haki ya viraka.

Ndiyo maana kuna ile programu ndogo inayozunguka nyumba kwa nyumba kuuliza nani amelala wapi, kisha inapeleka taarifa kwenye mfumo wa usajili. Ina jina lake la kitabuni. Sisi tulimwita Chairman, kwa sababu chairman wa LC, lile baraza la mtaa kwenu, naye kazi yake ni hiyo hiyo, kujua nani yuko kwenye nyumba gani. Ila huyu wetu hakuomba soda.

Nnalongo alikuwa na taratibu zake, na nawaomba mzishike. Mashine mpya ya chuma inatambulishwa kwa Chairman kabla haijapokea mpangaji hata mmoja. Mashine iliyokufa inaondolewa kwenye usajili kabla sijaigusa kwa bisibisi, la sivyo itaendelea kushikilia nafasi ya aliye hai. "Humu ndani malehemu hapigi kula," alikuwa akisema, yaani kura. Sikucheka mara ya kwanza, nilikuwa mgeni nchini.

Utaratibu wake wa tatu ndio uliomgharimu.

Mpangaji anaweza kunakiliwa. Ukiwa na mashine pepe nzuri, iliyopangwa vizuri, mteja mpya akija huanzi mwanzo. Unatoa nakala, inachukua muda wa kunywa chai. Lakini ndani ya kila mashine iliyosajiliwa kuna cheti kidogo cha utambulisho, kama kitambulisho cha taifa mfukoni. Ukinakili mashine, unanakili na kitambulisho. Sasa una watu wawili wenye kitambulisho kimoja. Nnalongo hakuruhusu nakala yoyote iamke kwenye mtandao kabla hajafuta kile cheti na kuisajili upya kwa jina lake. Aliifanya kazi hiyo mwenyewe, taratibu, hata watu wakisubiri. Nilimwona mara nyingi akiweka kidole kwenye skrini juu ya jina la kwanza, halafu juu ya jina la pili, kama anayehesabu watoto wakishuka kwenye basi la shule.

Mabinti zake pacha, Babirye na Nakato, walikuwa wakija ofisini likizo za shule. Babirye ndiye mkubwa, kwa mila yao wa kwanza kutoka ndiye anayepewa jina hilo. Walifanana hata mlinzi wa getini akakata tamaa, akawa anawaandika "Mtoto wa Nnalongo" mara moja tu na kupiga mstari chini. Nnalongo alimrudisha kitabuni kila mara, akimwita ssebo, yaani bwana. "Andika mbili, ssebo. Nilibeba mbili." Baba yao Ssalongo alifariki wakiwa bado sekondari, na tangu hapo walisomeshwa na koti lile zito na zile skrini.

Walikuwa wote chuo kikuu, Kyambogo, wakati tulipompata meneja mpya.

Nataka kuwa mkweli kuhusu Meneja. Hakuwa mtu mbaya. Aliingia kampuni ikiwa inapoteza wateja na akawaleta wateja wapya. Alitusalimia kila mmoja kwa jina. Alikuwa na haraka, na haraka si dhambi. Lakini Nnalongo alipokwenda kijijini kumuuguza mama yake, na akakaa huko hadi mama akafa na matanga yakaisha, wateja wapya walikuwa wanasubiri. Mafundi wakaambiwa wanakili. Wakanakili. Waliichukua mashine ya maabara ya ile hospitali ya misheni, kwa kuwa ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote, wakatoa nakala zake, na wakachukua nyingine wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyefuta vyeti. Tena wakanunua mashine mbili za chuma, mimi mwenyewe nikazipachika, na hakuna aliyemwambia Chairman. Mimi sikuambiwa kama ni kazi yangu kusema, na sikujua.

Nnalongo aliporudi, akiwa bado na kitambaa cha msiba mkononi, ubao wa usajili kwenye skrini ulikuwa wa kijani mtupu. Kila mashine salama. Alikaa akautazama. Kesho yake akautazama tena. Siku ya tatu aliniita.

"Balasa, wewe unaijua ile mashine ya maabala?"

"Naijua."

"Jana asubuhi ilisema iko na memoli kubwa. Mchana ikasema iko na ndogo. Leo kubwa tena." Akavua miwani. "Mtu hawezi kuwa mlefu asubuhi, mfupi mchana."

Hapo ndipo alipogundua. Mashine mbili zilikuwa zinakuja mlangoni kwa zamu, na kitambulisho kimoja, na mfumo ulimwandika aliyekuja mwisho. Kwa hiyo kiraka kilipotolewa, mmoja akakimeza, ubao ukasema amepona. Mwenzake hakupata kitu. Na yule aliyebaki na tundu alikuwa ni wa maabara, mwenye majibu ya damu ya watu.

Tulizunguka kabati zote. Yeye alisoma kwenye skrini, mimi nikafuata nyaya na kusoma namba za mashine za chuma, kwa sababu mwili ulikuwa upande wangu. Kila tulipomaliza kabati alikuwa na jina moja ambalo lilikuwa na watu wawili, au watatu. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, na hakupaza sauti.

Wakati huo huo tamko la mwaka lilikuwa limekaribia. Kabla ya kufanya upya usajili, wale waliotuuzia hutaka taarifa: mna mashine ngapi za chuma, na wapangaji wangapi, na wanakaa wapi. Anayetia sahihi ni mkuu wa chumba cha seva, yaani Nnalongo. Kwa ubao ulivyokuwa, hesabu ilitosha. Kwa ukweli, haikukaribia. Na mkataba wa Nnalongo mwenyewe ulikuwa unaisha mwezi ule ule, na anayeupitisha ni Meneja. Hilo sote tulilijua. Alijua kwamba akiandika kweli, bajeti ya chumba itapasuka, na kitu cha kwanza kukatwa kitakuwa yeye.

Meneja alikuja mwenyewe, hakumwita ofisini kwake, na hiyo ilikuwa heshima. Nilikuwa nafunga mfuniko. Nilitaka kutoka, Nnalongo akaniambia nibaki nimalizie.

"Nnalongo," Meneja alisema, "nimesikia umepata matatizo. Nakubali, tuliharakisha. Tutayatengeneza yote, nakuahidi. Ila baada ya tamko."

"Kwa nini baada?"

"Kwa sababu sasa hivi mfumo wenyewe unaona moja. Hatujasema uongo. Mfumo ndio unasema moja."

"Iko mbili, ssebo."

"Mwezi mmoja tu. Tamko likipita, unazitenganisha, mwaka ujao tunalipia zote. Nani ataumia?"

"Ya maabala haijapata kilaka."

"Basi hiyo moja itengeneze kimya kimya."

"Na zile zingine?"

Meneja alicheka kidogo, si kwa dharau, kwa kuchoka. "Nnalongo, hizi ni kompyuta. Si watoto."

"Ndiyo. Watoto wakifichwa watalia." Alikuwa ameketi, mikono mapajani. "Boss, wewe unaniita nani?"

"Nakuita Nnalongo."

"Kila asubuhi. Huniiti mama Babirye. Ungeniita mama Babirye, ningekataa, kwa sababu Nakato ameenda wapi? Sisi hapa kwetu hatufichi mmoja nyuma ya mwingine. Hata akifa, bado wanakuita Nnalongo, bado iko mbili. Sasa wewe unaniita hivyo kila siku, halafu unataka mimi niandike moja?"

Meneja hakuwa Mganda lakini alikuwa amekulia hapa, alielewa. Akatazama sakafu. Kisha akasema jambo la kweli, na ndiyo maana namheshimu hadi leo. Alisema, "Ukiandika hivyo sitaweza kukubakiza kazini. Sikutishi. Nakwambia tu, sitakuwa na fungu la kukubakizia."

"Nimesikia," alisema Nnalongo. "Nipe hadi kesho."

Kesho yake alitia sahihi. Aliandika hesabu yote ilivyokuwa. Meneja naye alitia yake chini.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, kazi yenyewe, maana ndiyo iliyobaki na faida. Hakuzima zote kwa pamoja. Alimpigia simu mwenye kila mashine, mmoja mmoja, akawaambia ukweli: mashine yako ina kitambulisho cha mwenzake, nataka kuisimamisha kidogo nimpe chake. Wengine walidhani wanatapeliwa. Sista mmoja, mtawa aliyesimamia maabara ya ile hospitali ya misheni, aliuliza jambo moja tu.

"Mtazima kwa muda gani? Nina akina mama kwenye benchi."

"Sista, wewe sema saa. Mimi nitafuata yako."

"Subiri niweke sampuli kwenye mashine ya kuzungusha. Zikizunguka, sihitaji kompyuta. Zikisimama, naihitaji."

Basi tulingoja sampuli zizunguke. Sista alikuwa kwenye simu, Nnalongo kwenye skrini, mimi nimesimama karibu na betri kwa sababu umeme wa siku ile ulikuwa wa kutoaminika. Alisimamisha, akafuta cheti, akaandika jina jipya, akasajili, akaisubiri mashine iombe kiraka. Ilipoanza kukipokea aliachia pumzi nikaisikia, na kule kwenye simu sista akasema, "Imerudi. Asante. Sasa niache nifanye kazi."

Tulifanya hivyo kwa kila mmoja. Mwisho akaniambia nikae kwenye kiti chake, nikazitambulisha kwa Chairman zile mashine mbili za chuma nilizopachika mimi. Aliniongoza kwa maneno, hakugusa kibodi. Alisema fundi wa mwili na fundi wa roho lazima wajuane kazi, la sivyo siku mmoja wao akikosekana nani atajua? Sikuelewa kwamba alikuwa anaaga.

Mkataba haukupitishwa. Hapakuwa na ugomvi. Aliondoka na koti lake, tukamsindikiza hadi kwenye ngazi, na Meneja alikuwepo.

Hapa ndipo ilipouma. Ada ya chuo haikutosha watoto wawili. Nilikwenda kumwona kwake Lubaga, akaniambia kwamba mmoja atasimama mwaka mzima ili mwingine aendelee, na kwamba yeye alishindwa kuchagua. Alikaa nao mezani akawaambia, mimi siwezi, nisameheni, mimi siwezi kutaja jina. Babirye ndiye aliyesema atasimama yeye, kwa kuwa ni mkubwa. Mkubwa kwa dakika chache. Alikwenda kuuza vifaa vya simu kwenye duka la Mkongomani mmoja mjini, na Nakato akaenda darasani peke yake.

Nnalongo aliniambia haya akimenya matooke, hakuniangalia. Nilichukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya. Alisema namenya kama mtu anayechonga mpini.

Alirudi kazini baadaye, mnajua, la sivyo msingemkuta. Wateja kadhaa, yule sista mmojawapo, walikuwa wakipiga simu kumuulizia, na Meneja alipopata fungu hakutafuta mtu mwingine. Alirudi kama fundi, si kama mkuu. Alikalia kiti kilekile. Babirye akarudi darasani, nyuma ya pacha wake kwa mwaka. Nnalongo hakuwahi kumsema Meneja vibaya mbele yangu, na Meneja hakuwahi tena kumwomba mtu aandike moja.

Siku hizi mambo yamerahisishwa. Huhitaji kufunga usajili kwenye kila mashine. Mashine yoyote ya kampuni ikijiandikisha inapata viraka vyake, na hesabu inafanywa huko juu, kwa ujumla. Brenda alifurahi sana mfumo ulipobadilika, na mimi pia, magoti yangu yamechoka kuinama kwenye kabati. Lakini nawaambieni, zamani mashine isiyo na haki ilinyimwa kiraka, mkajua mna deni. Sasa hainyimwi. Inapewa, na hesabu inabaki mikononi mwenu na dhamiri yenu. Ni rahisi zaidi kusema uongo bila kujua kwamba umeusema. Na nakala bado zinanakiliwa na vyeti vyao, hilo halijabadilika. Futeni cheti kwanza. Mashine mpya itambulisheni kwa Chairman kwanza. Mtoeni marehemu kwanza. Sina hekima nyingine.

Alizikwa kijijini kwao. Watu wa kampuni walikuja kwa basi moja, Meneja alikuja kwa gari lake akakaa nyuma, pamoja nasi. Sista alikuja, mzee sasa. Pacha walisimama pande mbili za jeneza na kila aliyepita aliwashika mkono wote wawili.

Baada ya kuzika, wakati watu wanakula, Babirye alikuja nilipokuwa nimeketi kando ya migomba. Sasa ni mhasibu, ana mtoto wake. Aliketi kwenye nyasi bila kujali gauni.

"Mzee Barasa, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Ile siku ya kusaini. Ulikuwa naye?"

"Nilikuwepo."

"Alisita?"

Nilijua anauliza nini. Yeye ndiye aliyelipia sahihi ile kwa mwaka wake wa masomo. Kama ningemwambia mama yake hakusita, ningemfanya mama shujaa, na wengi siku ile walikuwa wanamfanya shujaa. Nami nampenda kuliko wao wote. Lakini sikuona kama ni haki yangu kumpa mtoto kitu ambacho hakikutokea.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba Meneja alipotoka, mama yake aliondoka kwenye kiti akaenda nyuma ya kabati za mashine, upande ule wa joto, ambako feni zinapiga kelele hata mtu akisema hasikiki. Alikaa huko sakafuni mchana wote. Mimi nilikuwa kwenye betri, namwona kati ya nyaya. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Sikusikia, lakini niliweza kuona ni majina yao wawili. Babirye. Nakato. Babirye. Sikumfuata, na hadi leo sijui kama nilipaswa kumfuata. Jioni aliinuka, akasema anakwenda nyumbani. Alikuwa hajaamua. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu aliniambia, "Balasa, mimi sijui."

Kule kwenye turubai walikuwa wanaimba.

"Afadhali," alisema. "Miaka yote hii nilidhani alisaini moja kwa moja."

Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akachukua sahani yangu akaenda kuniongezea chakula, nami sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshiba.